Neno "Glare" na Macho ya Mama Yako

Mwanangu Mumbua,

Kalamu inaruka mkononi. Nimeanza barua hii mara tatu nikiwa nimesimama, kwa sababu kila nikikaa nakumbuka kwamba kesho asubuhi binti yangu anaondoka Kabiria kwenda kuwa mwalimu. Mwalimu kabisa, mwenye barua ya kuajiriwa iliyopigwa muhuri! Basi miguu inaninyanyua yenyewe. Wewe umetoka kuwaaga majirani, na najua kwa Mama Shiro huwezi kutoka kabla ya kunywa chai. Ngoja niandike haraka.

Sitakuambia ule vizuri wala uvae sweta kwa sababu Kitale kuna baridi. Hayo shangazi yako Ndinda amekwambia tangu Jumapili, na atakupigia simu akuambie tena. Sitakuambia usali, hilo tulishamaliza. Nataka kukuambia habari za neno moja la Kiingereza. Neno lenyewe unalijua, na sehemu ya kisa unaijua kwa sababu ulikuwemo. Kuna sehemu nyingine sijawahi kukuambia, na ni ya aibu. Lakini unaenda kufundisha watoto viziwi, na watoto hao watakusoma usoni kabla hujainua mkono kuwaonyesha ishara hata moja. Kwa hiyo ni haki yako ujue uso uliolelewa nao ulikuwa uso gani.

Neno lenyewe ni "glare".

Ulikuwa darasa la tano. Baba yako alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, tukabaki mimi na wewe katika chumba kile cha kwanza, kabla hatujahamia hapa. Nilikuwa nafanya kazi River Road kwa Mzee Karanja, mwenye mashine ya kuchapa. Kazi yangu ilikuwa kupanga maneno kwenye kompyuta: kadi za harusi, programu za mazishi, kalenda za makanisa. Pale kazini mimi ndiye nilikuwa kamusi. Mtu akikwama kwenye herufi anaambiwa, "Uliza Mama Mumbua." Nami najibu bila kuinua kichwa. Na kweli herufi nilizijua, mwanangu. Maana ndiyo ilikuwa inanipita mara nyingine, lakini nani angejua?

Jioni moja ukaniletea daftari. Mwalimu Wambui alikuwa amewapa vitenzi kumi mtunge sentensi. Tisa ulikuwa umemaliza. Ukaniuliza, "Mum, 'glare' ni kufanya nini?"

Sikujua. Ningesema hivyo tu, "sijui," tungeenda kwa jirani tukaazima kamusi na yakaisha. Lakini ulikuwa umeniinulia uso ule wa mtoto anayeamini mama yake anajua kila kitu duniani, na mimi nilikuwa naipenda imani hiyo kuliko ukweli. Nikafikiria "glow". Nikafikiria "glory" ya kanisani. Nikaona yote yanang'aa. Nikakujibu kwa sauti ya mtaalamu, "Ni kumwangalia mtu kwa macho yanayong'aa. Kwa mapenzi."

Ukaandika. Nikakuona umeridhika, nami nikaridhika kuliko wewe. Na neno likanikaa kichwani kama nguo mpya, natafuta tu pa kulivalia.

Mahali pakapatikana kesho yake. Alikuja dada mmoja ambaye mdogo wake alikuwa anaolewa Jumamosi. Alitaka programu mia tatu za ibada. Kila kitu alikuwa amekiandika kwa mkono isipokuwa maneno ya jalada. Akaniambia, "Hapo juu tutilie kitu tamu, mama. Wewe unajua Kizungu." Nikamtilia! Nikapanga kwa herufi za mviringo, waridi moja kila upande: "From this day we shall glare at each other, till death do us part." Yule dada akasoma polepole, akaweka mkono kifuani.

"Hiyo imeweza," akasema.

Siku mbili baadaye nikaitwa shuleni.

Mwalimu Wambui alikuwa msichana tu, pengine umri ulio nao wewe leo. Alinipeleka kwenye chumba cha walimu, akafunga mlango, akasogeza kiti chake karibu na changu. Akaanza kuongea kwa ile sauti ya watu walioenda kumwona mgonjwa.

"Mama Mumbua, nyumbani mko sawa?"

"Tuko sawa."

"Hakuna kitu inakusumbua? Naelewa mko wawili tu."

Nikaanza kuingiwa na hofu. Akafungua daftari lako, akaweka kidole kwenye sentensi ya kumi. "My mother glares at me every evening when she comes from work."

Nikaisoma. Nikashusha pumzi. Nikatabasamu hadi masikioni!

"Kumbe ni hii? Mwalimu, hii sentensi mbona iko sawa?"

"Iko sawa kabisa, mama. Ndiyo maana nimekuita."

"Nilimfundisha mimi mwenyewe."

Akanitazama. "Ulimfundisha aandike kwamba unamwangalia hivyo?"

"Eeh. Na si ni ukweli? Kila jioni. Hata marehemu baba yake alikuwa ananiangalia vivyo hivyo tukiwa wachumba. Kanisa lote lilikuwa linajua."

Mwalimu alijitahidi, namshuhudia mbele za Mungu. Aliuma mdomo, akatazama dari, akajifanya anapenga kamasi. Kisha kicheko kikamponyoka, akacheka mpaka akaegemea meza.

Unanijua. Kuchekwa mimi sikuzoea, tena na msichana niliyeweza kumzaa. Nilimwangalia tu.

Kicheko kilikatika kama redio iliyochomolewa waya. Alirudi nyuma na kiti chake. Halafu, na hapo ndipo nilipoanza kumheshimu, akainua kidole kimoja taratibu, akasema, "Mama, usisonge. Baki hivyo hivyo. Hiyo ndiyo 'glare'."

Akaniletea kamusi. Mwanangu, nilisoma mstari ule mara tatu. Kumkazia mtu macho kwa hasira. Mwalimu akanieleza vizuri, na sasa hakuwa akicheka. Akasema "stare" ni kukodoa tu, hata ng'ombe anaweza. "Glance" ni kutupa jicho mara moja na kuliondoa. "Gaze" ndiyo ile yenu ya wachumba, mama. Lakini "glare" lazima iwe na hasira ndani, na haielei tu hewani: inamwendea mtu, ndiyo maana hufuatwa na "at", kama jiwe linavyotupiwa mtu. Akaongeza kwamba taa za gari zikikupiga usoni mpaka ushindwe kuona barabara, ule mwanga nao unaitwa hivyo hivyo. Anayepigwa nao haoni kitu kingine chochote.

"Ulifikiri ni nini?" akaniuliza.

"Nilifikiri ni..." nikaanza. Hapo hapo nikaruka kutoka kitini. "Mwalimu, saa hii ni saa ngapi?"

"Saa nne na nusu."

"Uuuwi! Bibi harusi!"

Nikamwacha amesimama na kamusi yake mkononi. Programu za harusi zilikuwa zinaingia mashineni asubuhi hiyo! Nilimpigia Mzee Karanja simu mara sita; mashine ikinguruma pale ndani hasikii hata king'ora cha zimamoto. Nikadaka pikipiki pale barabarani Kabiria.

"River Road, mbio!"

"Mathe, kule tao mjini siingii. Askari wa kanjo watanishika."

"Basi nifikishe Ngara, na usipunguze mwendo!"

Hakupunguza. Nilikuwa nimeshika koti lake kwa mikono miwili, natubu dhambi zangu kuanzia za utotoni. Aliponiteremsha Ngara nikavua viatu, nikavishika mkononi, nikateremka mbio kuelekea River Road. Wenye maduka ya jumla walitoka milangoni kutazama mwizi yuko wapi. Watu wa mikokoteni nikawapigia kelele, "Pisha! Pisha!" na wakapisha! Sikuwa nimekimbia hivyo tangu michezo ya shule ya msingi.

Nilifika mashine inameza karatasi na kutema karatasi. Mutiso, fundi wa mashine, alikuwa anapiga mluzi. Unamkumbuka Mutiso, yule mzee mpole wa Machakos aliyekuwa anakuletea vipande vya karatasi za rangi.

"Zima! Mutiso, zima!"

Akazima. Karibu mia mbili zilikuwa zimeshatoka. Zilikuwa kwenye rundo, wino haujakauka, na kila moja inaahidi mbele ya Mungu na mashahidi kwamba watu wawili watatoleana macho ya hasira mpaka kifo kiwatenganishe.

Mzee Karanja akatoka ofisini. Akachukua moja, akavaa miwani, akasoma. Yeye Kiingereza alikisoma zamani kwa wamisheni, kwa hiyo hakuhitaji kamusi.

"Nani ameandika hii?"

Hapa ndipo penye ile sehemu ambayo sijawahi kukuambia.

Mutiso alijua ni mimi. Siku napanga maneno yale alikuwa amesimama nyuma yangu, akaniambia waridi ni nzuri. Basi akanigeukia. Hakunigeukia kwa ubaya. Alikuwa tu anangoja niseme. Nami nikamwangalia. Saa moja haikuwa imeisha tangu nifundishwe jina la kitu kile, na nikakitumia kwa makusudi. Nilimkazia macho mpaka akainamisha kichwa. Akaokota kitambaa cha kupangusia wino, akaanza kujipangusa vidole.

"Ni mimi, mzee," akasema. "Nilichukua karatasi ya kujaribia."

Lilikuwa jibu lisilo na kichwa wala mkia. Mutiso hakuwahi kupanga neno hata moja kwenye kompyuta ile. Lakini mtu mwenye hasira huchukua jibu la kwanza analopewa. Mzee Karanja alimfokea mbele ya wateja, akamwita mzembe, yeye mzee mwenye wajukuu. Na mimi nikakaa kwenye kompyuta, nikafuta ule mstari, nikaandika "We have come to rejoice", nikabonyeza. Bibi harusi alipata programu zake. Mpaka leo hajui alichonusurika!

Jioni ile nilikukuta umekaa kitandani na sare yako, mkoba bado mgongoni. Mwalimu alikuwa amewasomea maana ya maneno yote kumi, na wenzako wakakucheka. Nikakaa karibu nawe. Nilikuwa nimejiandaa njiani.

"Mumbua, ni mimi nilikosea. Maana ya neno lile siyo niliyokwambia. Ni kumwangalia mtu kwa hasira. Sentensi yako si ya kweli, tutaifuta."

Ukafikiria. Ulikuwa mtoto wa kufikiria kabla ya kujibu, hata wakati huo.

"Lakini Mum, ni ya kweli. Wewe huniangaliaga hivyo."

"Lini?"

"Ukiingia. Ukiwa umechoka." Ukanitazama usoni, huna hata chembe ya hasira. "Mimi nilidhani hiyo ndiyo ya mapenzi."

Nimeandika mistari hiyo, nimetua kalamu, nimezunguka meza, nimerudi. Miaka yote hii bado inanichoma pale pale. Ningeweza kuvumilia kukutisha. Lakini wewe ulikuwa umechukua macho yangu na maneno yangu ukayaunganisha, ukakubali kwamba mapenzi yanafanana hivyo. Ungekua nayo. Ungeenda nayo kwa mwanamume fulani, akikutolea macho ukadhani umefika nyumbani.

Unadhani nilitubu papo hapo? La. Nilitafuta kisingizio. Nikajiambia, huyu mtoto anaona nikikunja uso, na mimi nakunja uso kwa sababu kompyuta imeniharibu macho. Ni miwani tu! Jumamosi nikaenda Ngara kwa daktari wa macho, nikiwa na matumaini makubwa ya kuambiwa ninakaribia upofu. Akanisomesha herufi za ukutani mpaka mstari wa mwisho. Akanimulika jicho hili, akanimulika lile.

"Mama, macho yako ni mazima kabisa."

"Angalia tena, daktari. Watu wanasema naangalia vibaya."

Akazima kurunzi yake. Alikuwa kijana mwenye heshima. "Hiyo, mama," akasema, "mimi sina dawa yake."

Nilitoka pale nikateremka River Road kwa njia ile ile niliyokimbia viatu mkononi, safari hii natembea. Nikamkuta Mzee Karanja na Mutiso wanakunja kalenda. Nikasema, kabla ujasiri haujaisha, "Mzee, yale maneno ya harusi ni mimi niliyaandika. Mutiso hakugusa kitu. Nilimtisha akanyamaza."

Mzee Karanja hakufoka. Heri angefoka. Aliniambia nimuombe Mutiso msamaha mbele ya kila mtu, kwa sababu alifokewa mbele ya kila mtu. Kisha akaniondoa kwenye kompyuta, akaniweka kwenye meza ya kukunja karatasi kwa miezi minane. Unakumbuka ule mwaka vidole vyangu vilikuwa vimekatikakatika, nikakwambia ni kazi mpya? Ndiyo hiyo kazi mpya.

Mutiso alinisamehe haraka kuliko nilivyotaka. Nikamuuliza, "Kwa nini ulikubali kubeba mzigo wangu?"

"Ulinitisha," akasema hivyo tu. Halafu tukiwa tunakunja akaongeza, "Kufokewa nimezoea, Mama Mumbua. Kunaingia huku kunatokea huku. Lakini yale macho nilienda nayo nyumbani. Mke wangu akaniuliza nani amekufa."

Ndipo nikaanza kujichunguza, huku nakunja. Meza ile ilinifaa. Mikono inafanya kazi na kichwa kinabaki huru. Babu yako hakuhitaji fimbo. Alikuwa akiinua macho kutoka kwenye sahani, na sisi watoto sita tunasahau tulichokuwa tunachekea. Niliapa sitakuwa kama yeye, nami nikadhani kiapo kinatosha. Kisha baba yako akafariki, na mwanamke aliyebaki peke yake katika mji huu hujifunza haraka kwamba akitembea na uso laini atasukumwa. Nikavaa ule uso niweze kupita River Road bila mtu kunishika mkono. Ulinisaidia! Sikudanganyi. Kosa langu ni kwamba nilipofika mlangoni petu sikuuvua. Wewe, mtu pekee uliyekuwa unaningoja kwa furaha siku nzima, ndiye ulikuwa unapokea uso niliowaandalia wahuni.

Kwa hiyo nilianza kusimama nje ya mlango kabla ya kuingia. Ulikuwa unaniuliza kwa nini natafuta funguo muda mrefu hivyo. Sikuwa natafuta funguo. Nilikuwa nashusha mabega, nalegeza paji la uso, najikumbusha nani yuko ndani. Siku zingine ilichukua dakika mbili. Siku zingine nilizunguka ploti nzima ya vyumba vya kupanga kwanza.

Usifikiri nilipona. Unakumbuka ulipomaliza kidato cha nne ukaniambia huendi kusomea sheria, unataka kufundisha viziwi? Nilikuwa nimeshawaambia kanisa lote kuhusu wakili wangu. Sikubisha, sikuuliza. Nilikutupia yale macho, ya zamani kabisa, ya babu yako. Ukafunga mdomo, na ukaufunga siku kumi na moja. Nilizihesabu. Unanisalimia, unaosha vyombo, unaenda kulala. Nilikuwa nimekupiga na ule mwanga wa taa za gari alionieleza mwalimu wako. Hukuweza kumwona mama nyuma yake, na hata mimi, niliyeuwasha, sikuwa naona mtoto.

Siku ya kumi na mbili nikabisha mlango wa chumba chako na kikombe cha uji. Nikasema, "Mumbua, kuhusu viziwi sijui chochote. Nieleze."

Ulinitazama kama unapima kama ni mtego. Kisha ukaanza. Ukanisimulia juu ya Njoki, msichana kiziwi uliyekutana naye kwenye kambi ya vijana wa kanisa, jinsi mlivyokaa wiki nzima mkifundishana, jinsi alivyokuchekesha bila sauti. Uji ukapoa. Mikono yako ikaanza kutoka mbele ya maneno, nyusi zinapanda, mashavu yanajaa, uso mzima unaongea! Nilikuwa nimekulea miaka kumi na minane, na sikuwahi kuuona uso ule. Nikajiambia, mwanamke wewe, ulikuwa karibu kuuzima huu kwa ajili ya wakili.

Ndiyo maana leo siwezi kukaa kwenye kiti. Unaelewa?

Watoto wako huko Kitale watakutesa, mwalimu. Kuna siku utachoka, kuna siku mmoja atamwaga rangi, mwingine atamuuma mwenzake, na macho hayo yatakujia bila kuitwa. Yako kwenye damu. Yakikujia, usijichukie; nenda dirishani, rudi. Na ukikosea, waambie umekosea, kwa mikono yako na kwa uso wako, siku hiyo hiyo. Mimi nilimwacha Mutiso na lawama yangu siku tatu, na siku tatu ni nyingi kwa mtu asiye na kosa.

Lakini sikwambii uyatupe kabisa. Nilikuwa nimekusudia kukuambia hivyo, mpaka Jumamosi iliyopita ilipobadilisha barua yangu.

Tulikuwa Ngara kununua sanduku lako, mimi, wewe na Njoki. Njoki alitaka mkoba ule wa buluu uliokuwa umetundikwa juu. Akamwonyesha mwenye kibanda kwa kidole na kutoa ile sauti yake. Yule mwanamume akawageukia wenzake wa vibanda vya jirani, akaiga sauti ya Njoki, akapindisha mdomo. Wakacheka. Njoki hakusikia, lakini hakuhitaji kusikia. Alisoma nyuso zao zote kwa mara moja, na niliona mkono wake unashuka.

Nilikuwa nimeshavuta pumzi nimpasulie yule mtu. Ukanitangulia. Uliweka chini ulichokuwa umeshika, ukageuka, ukamwangalia.

Lo, mwanangu! Nilisimama pembeni yako na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikayaona macho yangu mwenyewe kutoka nje. Yanatisha! Yule mwanamume alianza kutabasamu, tabasamu likamfia mdomoni. Wenzake wakakumbuka wana kazi. Lakini hukumwacha hapo, na hilo ndilo mimi sikulijua miaka yote. Uliposhaona amenyamaza, uso wako ukafunguka. Ukamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Anaitwa Njoki. Anataka ile ya buluu. Mwonyeshe wewe mwenyewe, na ukimwonyesha mwangalie usoni."

Naye akafanya! Aliushusha mkoba, akamgeukia Njoki, akamfungulia mfuko mmoja baada ya mwingine, anamtazama usoni, anamngoja aitikie kwa kichwa. Alipomaliza akaweka mkono kifuani, akauliza "pole" inaonyeshwaje. Ukamfundisha.

Njoki akakuambia kitu kwa mikono, mkacheka ninyi wawili mpaka mkashikana. Nikakuuliza amesema nini, ukakataa kuniambia. Ulipoingia ndani kuchagua sanduku nikamvuta kando. Akatoa simu yake, akaniandikia, akanigeuzia kioo nisome:

"Nimemwambia, sasa najua mama yako alikupa nini."

Nilicheka pale Ngara, Mumbua, nikacheka na machozi yakatoka, na yule mwenye kibanda, maskini, akaniletea kiti akidhani nimezidiwa.

Nenda, mwalimu wangu. Nenda ukawaangalie watoto wa watu.

Mimi mama yako,
Kalekye